Tilek na kompyuta ya dirishani

Shoga, acha unachofanya usome. Tilek wetu leo kajiumbua mbele ya klabu nzima ya kompyuta!!

Si unajua anavyomtaka Begimai? Sasa Begimai siku hizi anakaa ubavuni mwa Ularbek, anamtazama akicheza. Leo kwenye mchezo wa kulengana bunduki Ularbek kampiga Tilek risasi, mle kwenye ghala la giza. Mara tatu! Na Begimai anapiga makofi.

Tilek wivu ukamtoa kitini. "Mwizi wewe! Kioo chako kinaonyesha ghala kama mchana, changu cheusi kama chungu!"

Ularbek akacheka: "Kaka, mwangaza sote tumeweka nusu. Njoo uone."

Kweli, nusu kotekote. Lakini kompyuta ya Ularbek, ile ya dirishani, inawaka, ya Tilek giza tupu. Nusu ya huku si nusu ya kule!

"Basi tubadilishane!" Wakabadilishana, sote tumesimama nyuma yao.

Na ALISHINDA, shoga. Alimwona Ularbek anapapasa kuta kama kipofu, akammaliza. Akageuka meno nje kumtafuta Begimai.

Hayupo! Kavuta kiti hadi kwenye kompyuta ya giza, anamwambia Ularbek: "Sogea, nikusaidie kuona."

Subiri, bado. Chai ikaja. Begimai akammiminia Ularbek kidogo, kwa heshima. Piyala ya Tilek, kile kibakuli chake cha chai, akaijaza hadi pomoni. POMONI! Na kwetu hapa anayejaziwa ni yule unayetaka anywe aende zake.

Tilek akainywa yote, ya moto vile vile, akachukua koti.