Kijiko cha Nne

Mwanangu,

Maziwa yako kwenye chupa. Mtoto akisoma, mwache afuate maneno kwa kidole, usimkimbize. Hata mimi darasani jioni nasoma hivyohivyo.

Asubuhi nilimwambia apange vijiko huku akihesabu. Akaweka vinne. Nikamwambia tumebaki watatu. Akanijibu, "Bibi, umemruka Babu. Ndiyo maana mwalimu wako anakurudishia hesabu." Nilicheka, kisha nikaingia chumbani kusali. Tangu tumzike baba yako, hakuna mwingine aliyemhesabu.

~~Leo mfundishe kutoa: vinne toa kimoja.~~ Kutoa nitamfundisha mwenyewe, kwa maharagwe, Mungu akinipa nguvu.

Kijiko kiko mezani. Usikiondoe. Nikirudi kutoka darasani nataka kukikuta.

Mama yako