Bomba Tupu Linakula Gesi

Jumatatu, 2 Juni

Imekubali! Gesi ya sumu imeingia kwenye bomba, imepita kwenye vidonge vyangu vya kuunguzia gesi, vya madini ya shaba na manganizi, upande wa pili mashine ikasoma sifuri. Yote imeungua! Tena kwa moto mdogo, bila chembe ya platini, yale madini ghali ambayo wengine hutumia. Nimepiga kigelegele, maabara nzima ikageuka. Hata Mzee Breki — mkuu wetu, kila wazo jipya lazima alisimamishe kwanza — kacheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Alhamisi wanakuja watu wa kiwanda cha vigae. Wakivikubali vidonge visafishe moshi wao, mradi wangu unaendelea. Wakikataa, unafungwa.

Jumanne, 3 Juni

Mume wangu anasema nimevimba kichwa, mlango haunitoshi. Wivu tu!

Leo nimepunguza shaba. Sifuri. Nimepunguza tena. Sifuri. Mh.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwaga vidonge vyote nikapitisha gesi kwenye bomba tupu. Sifuri!

Jamani. Nimepangusa ndani kwa pamba, imetoka nyeusi. Bomba hili lilitumika zamani kwa vidonge vya platini, na vumbi lake limeng'ang'ania humo. Kumbe bomba linachapa kazi, vidonge vyangu vimekaa kitako vinatazama! Na jambo la kwanza tunalowafundisha wanafunzi ni hili: anza kwa kupima bomba tupu. Haraka zangu hizi! Nimecheka peke yangu, la sivyo ningelia.

Ningenyamaza, wageni wasingejua. Nimeshindwa. Nimemwambia Mzee Breki. Kavua miwani, kaipangusa, kaivaa tena. Kisha: haya mama, tafuta bomba jipya, kesho tutapima mbele yao.

Alhamisi, 5 Juni

Naandika nimesimama. Bomba jipya la kioo, asubuhi nimelijaribu tupu — gesi imepita yote. Safi. Sasa vidonge vimo.

Mzee Breki kawaeleza wageni kisa kizima. Kasema "tulikosea". Tuli-! Yeye hata bomba hakuligusa. Nampenda mzee huyu, basi tu.

Moto unapanda. Namba haisogei. Haisogei! Mama wa kiwandani ana mkoba mapajani, anaangalia saa. Mzee kaninong'oneza niongeze moto. Nimekataa, vidonge vitashikamana viharibike. Subiri, mzee wangu. Naye kasubiri.

Imeshuka! Kidogo — huenda ni mashine tu. Hapana, imeshuka tena. Mama wa kiwandani kaweka mkoba sakafuni, anavuta kiti karibu, anauliza kama hiyo ni kazi ya vidonge. Ndiyo, mama, safari hii ni vidonge! Naweka kalamu chini.