Zamu Yangu ya Kuingia Pangoni

Dada Mwanaesha,

Nakuandikia kwa kalamu ile ya chuoni. Mwandiko wangu bado mbaya, ungekuwapo ungenicheka.

Tangu utuache, Kudha imekuwa kisiwa cha kiu. Maji ya pango yamegeuka chumvi kabisa. Bomba alilolitandaza Mtaliani hadi kambi ya askari limeota kutu, na askari wenyewe wamehamishiwa Kismayu. Sisi twaletewa maji kwa mashua, mitungi miwili kwa nyumba. Jirani zetu wawili wamefunga milango wakahama.

Unakumbuka mama alivyotufundisha? Bahari ikianza kujaa ufukweni, maji ya pangoni hukaa kitambo cha kupika wali ndipo yapande. Katika kitambo hicho tuliinama, tukapita ule ujia mwembamba, tukateka kwenye kidimbwi cha ndani kwenye maji matamu, tukatoka salama. "Maji hayamjui mchu, awe nani," alikuwa akisema. "Nyinyi ndio muyajue."

Kisha Mtaliani akaja na baruti, apanue ujia apitishe bomba lake. Mwamba ulipopasuka, bahari ikapata njia. Sisi tulisikia kishindo, tukaona vumbi, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba kile kitambo kimekwisha.

Lakini mimi niliona. Hili sijamwambia mtu. Siku mbili kabla hujaingia humo mara ya mwisho nilikwenda peke yangu, nikakuta maji yamefika daraja ya pili ya kushukia pangoni, na huko nje bahari ndiyo kwanza inaanza kujaa. Niliyaonja. Chumvi. Nikarudi nyumbani nikanyamaza. Nilijiambia nimechelewa kutoka, nimekosea hesabu ya maji, na sikutaka kuitwa mzembe.

Siku ile zamu ilikuwa yangu. Niliogopa, nikakwambia kiuno chaniuma. Ulinitazama, ukajua nasema uongo, ukasema, "Nipe kata. Shika kamba." Nami nikakujibu, "Bado kuna nafasi, dada." Ndivyo nilivyosema.

Mtungi wa kwanza niliuvuta umejaa. Nilipokuwa nauweka chini, maji yakanifika magotini. Nikakuita. Ukaitika mara moja, "Naja." Sauti yako haikuwa na hofu. Kisha mwanga wa taa yako ukapotea, na maji yakagusa dari ya ujia. Nilivuta kamba. Ilikuja yenyewe, haina kitu.

Walikutoa maji yalipokupwa. Nilikuosha mimi. Kucha za mkono wako wa kulia zilikuwa zimekatika zote. Niliufunika mkono haraka, wenzangu wasiuone.

Kesho yake Mtaliani alikuja, akachungulia pangoni, akaandika kitabuni mwake. Mkalimani akatuambia bwana anasema wanawake hawana ruhusa ya kuingia humo. Watu wengine walisema ni kudra, wengine wakasema ni baruti. Mimi niliitikia yote.

Khadija wako yuko kwangu. Amekuwa mrefu, ana mabega yako. Maji hanywi mpaka nimlazimishe, nami nikidhani ni huzuni tu. Juzi nilimsikia uani akimwambia mwenzake, "Mama alikufa kwa sababu yangu. Asubuhi ile niliosha nywele, nikamaliza maji ya mtungini, ndipo akatoka kwenda kuteka." Alisema polepole, bila kulia, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Mwaka mzima, dada. Mwaka mzima mtoto amebeba hilo, nami nala naye sahani moja.

Sikuweza kutoka jikoni. Nilikaa chini mpaka sufuria ikaungua.

Sasa nakuaga. Mola akupe nafasi pana huko uliko, wewe uliyebanwa. Sikuombi radhi kwa karatasi; hilo tutaonana nalo siku yake. Ninalokuahidi ni hili: leo, tukisha kuswali alasiri, nitamkalisha mwanao nimwambie zamu ilikuwa ya nani, na nani aliyeonja chumvi akanyamaza. Huenda akataka kwenda kwa watu wa babake Kismayu. Akitaka, mimi mwenyewe nitambebea mzigo wake hadi mashuani. Akininyima salamu, ni haki yake. Lakini hatalala tena hata usiku mmoja akidhani ni yeye aliyemuua mamake.

Mdogo wako,
Mwanakheri