Kamba Isivutwe kwa Haraka

Manika, Kolwezi
Jumatano, tarehe 12 Juni 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Mushiya,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na usimweleze mtu neno lake hata moja, hata shemeji. Ndani yake nimekunja karatasi ya pili. Hiyo itunze. Hii ukimaliza ichome.

Sasa nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Mgongo wako vipi, bado unakusumbua ukimaliza zamu hospitalini? Huku Mama anaendelea, ila vumbi la kiangazi limemrudishia kikohozi. Mimi mwili ni mzima, lakini tangu wiki jana chakula hakipiti.

Unajua kwamba mwezi wa pili nilipata kazi ya ukarani katika ofisi moja hapa Manika. Jina lake sitaliandika. Inaandikisha vijana wanaochimba shaba na kobalti kwa mikono, ili iwapeleke kwenu Muanda kufanya kazi baharini. Wanazamia nyaya za simu za zamani zilizolala chini ya maji, wanazikata, zinavutwa juu, shaba yake inauzwa. Wachimbaji wetu wanapendwa kwa sababu wamezoea giza, na wamezoea kupumua kwa mpira unaoletewa hewa na mashine.

Shefu wangu, Tata Dodo, alinipa kitabu kidogo cha Kifaransa, utangulizi wa elimu ya bahari, nikiandike kwa Kiswahili ili wasomewe wanaoondoka. Yaya, mwanzoni nilikifurahia, mimi ambaye maji makubwa niliyoyaona ni yale ya ziwa la Nzilo. Nilijifunza kwamba bahari imefunika sehemu saba katika kumi za dunia, na kwamba ndani yake kuna mikondo kama mito, mingine ya moto, mingine ya baridi, inayozunguka na kuigawia dunia joto lake. Mwanga wa jua ukishuka mita mia mbili unakuwa karibu umekwisha, na kilomita moja chini ni giza ambalo halijapata kuona asubuhi. Na Lualaba yetu, ikishabadilika jina kuwa Kongo na kumwagika huko kwenu, haiishii pale. Matope yake yanaendelea kushuka katika bonde refu chini ya bahari, na mara nyingine yanaporomoka kwa nguvu hadi yanakata nyaya zinazobeba simu za watu.

Kitabu kinaeleza pia jinsi wanadamu wanavyoitumia bahari: samaki, chumvi, mafuta yanayochimbwa mbele ya pwani yenu, meli zinazobeba hata kobalti inayotoka hapa. Na chini sana, kilomita nne au tano, kuna mawe kama viazi yenye kobalti na shaba ndani yake, na tayari wapo wanaotaka kwenda kuyakusanya. Hapo niliacha kuandika kidogo. Mashimo ya huku tunayaona kwa macho. Nilijiuliza ya huko yataonwa na nani.

Lakini ulionitia hofu ni ukurasa wa kumi na nne. Kila unaposhuka mita kumi, maji yanakubana kwa uzito mwingine sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Katika mita arobaini umebanwa mara tano. Hewa unayoivuta huko inaingia katika damu na kutulia humo. Ukipanda polepole, ukisimama njiani kwa muda ulioandikwa, inatoka bila kukudhuru. Ukipandishwa haraka, inatoa povu ndani yako kama soda iliyotikiswa, na mtu anapooza, au anafia mikononi mwa waliodhani wanamwokoa. Nikamkumbuka yule mzamiaji uliyeniandikia habari zake mwaka jana, aliyeletwa kwenu miguu imekufa na mwili hauna jeraha.

Tata Dodo alipopitia kazi yangu, aliuchomoa ukurasa huo. "Ile page inaogopesha batu, mama," aliniambia kwa upole. "Ruka tu." Nikaruka. Nikatoa nakala kumi bila ukurasa huo, Yaya, na nakala moja ni ya Rémy.

Ndiyo, Rémy ndugu yetu. Alijiandikisha bila kuniuliza, yeye na Dady, rafiki yake anayeshuka naye shimoni.

Jumapili nilikwenda Kapata, kwa Mama, ili nimweleze Rémy hatari hiyo. Nilimkuta uani na Dady wakijizoeza na kamba: mmoja anaitikisa mara tatu, mwingine anavuta kwa nguvu zake zote bila kuuliza. Sheria hiyo ya shimoni unaijua, na unajua ni kwa nini Rémy anaishika hivyo. Siku udongo ulipoanza kupasuka juu ya Tata, baba yetu, kamba ilikuwa mikononi mwa Rémy, naye alikawia akiita kwanza kuuliza kuna nini.

Nilimweleza yote. Dady alicheka, akasema mimi naogopa hata mvua. Rémy naye akasema, "Shimo inabomokaka, Falonne. Mayi haiwezi kubomoka." Nilipomwambia kwamba baharini kinachoua ni kule kuvuta haraka, aliiweka kamba chini.

"Tata alikufaka juu ya kungoya," akasema. "Mi siwezi kungoya tena."

Akarudi kwenye kamba yake. Fifi, mke wake, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa mlangoni akisikia. Alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

Juzi wote kumi walichukuliwa. Wamewekwa katika nyumba moja kwenye njia ya Lubudi, na simu zao zimekusanywa. Orodha yao niliipiga chapa mimi. Mbele ya kila jina yapo maneno "badala ya", halafu jina jingine. Rémy anakwenda badala ya Ezéchiel Kabeya, wa Kapata vilevile. Jana asubuhi nilimtafuta mama yake. Ni mwezi wa tano hajasikia sauti ya mwanawe, lakini anavumilia, kwa sababu ofisini walimwambia kwamba baharini hakuna rezo ya simu. Akaniuliza kama ni kweli. Nilimjibu ndiyo. Mungu anisamehe.

Leo Tata Dodo ameniuliza, kwa upole uleule, kama mama yake Ezéchiel hajambo. Sikuwa nimemwambia mtu kwamba nilikwenda.

Wataondoka kwa ndege Jumatatu ijayo, na watafika Muanda Jumatano au Alhamisi. Yaya, mimi Rémy hanisikii, anasema mambo yangu ni ya karatasi. Wewe ulimbeba mgongoni. Nenda ukamtafute kabla hajaingia majini. Msomee ile karatasi niliyoikunja, ndiyo ukurasa wa kumi na nne, nimeuandika upya jinsi ninavyoukumbuka. Usimwambie angoje, neno hilo halipokei. Mpeleke kwa yule mzamiaji aliyepooza, amshike ile miguu. Mwambie kwamba akimpandisha Dady kwa sheria ya shimoni, atakuwa amemuua kwa mikono yake mwenyewe, na mzigo huo hataweza kuubeba mara ya pili.

Nisalimie shemeji, watoto Beya na Kapinga, na mama mkwe wako. Mama anakusalimu sana, hajui kwamba nimekuandikia. Bwana aliyeyawekea maji mpaka awalinde wote wa nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Falonne Tshiela

Usinipigie simu, laini yangu ni ya ofisi. Barua hii anakuletea Mama Jeanne, anayeuza makayabu, wale samaki wa chumvi, kwenye soko la Manika. Atakaa huko hadi Jumapili ya tarehe 23, kisha atarudi. Rémy akikusikiliza, mpe Mama Jeanne jibu mkononi. Mimi nitapita kwenye meza yake kila jioni nikitoka kazini, na ikitokea ukaja usinikute hapo, muulize Fifi. Ukiwa umechelewa kumfikia Rémy, usimpe Mama Jeanne neno lolote. Njoo mwenyewe.