Yoramu Nimemwacha Mkonze

Ijumaa, 20 Juni 1913

Ruhusa imetoka! Kefa amerudi kutoka stesheni mbio, kofia mkononi, kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Bwana Stesheni amempa likizo, na cheti cha gari la moshi, yeye na mimi, mpaka Darisalama na kurudi. Tangu reli ifike Dodoma mume wangu ndiye anayetia maji kwenye injini. Hajapumzika hata Krismasi. Injini haijui Krismasi, ina kiu tu.

Tunakwenda kupumzika. Basi! Bibi wa Bwana Stesheni hufanya hivyo kila mwaka: anakwenda pwani na mumewe, watoto wanabaki na yaya, wanarudi wote wawili wamenawiri. Nikamwambia Kefa, na sisi hivyo hivyo. Wawili.

Nimetangaza kisimani. Ruthu, jirani yangu, akauliza nani amekufa huko pwani. Hakuna aliyekufa. Basi napeleka nini kuuza? Siuzi kitu. Kumbe nakwenda kutibiwa! Nakwenda kupumzika, Ruthu! Akatua mtungi, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama Hana, umechoka nini wewe? Si ulale tu, kitanda unacho!"

Wivu. Kati ya wale wote hakuna hata mmoja aliyepanda gari la moshi, wala anayeweza kuandika haya ninayoandika. Mimi nimesoma misheni mpaka nikashika kalamu vizuri kuliko mume wangu. Na yeye anajua.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada tumekwenda Mkonze kwa mama mkwe, kuwaacha watoto. Hana alijitwika mkeka wake mwenyewe, hakulia hata chozi, njia nzima anamsomea baba yake herufi. Miaka sita! Wenziwe wa umri ule bado wanakula udongo.

Kwa Yoramu wangu ndiko maneno yalikoanzia. Alikuwa kifuani ananyonya, mapaja yamejaa, meno manane, mtoto wa kutazamwa. Mama akasema, huyu bado, mbebe garini. Wa mgongoni halipishwi. Kefa naye akaingilia: "Tumbebe, Mama Hana. Hatatusumbua."

Nikasema anakula uji, anakula ugali, juzi kaguguna mfupa. Wakati wa kumwachisha umefika. Nitamwachishaje vizuri zaidi ya hivi, ziwa lenyewe likisafiri?

Mama akasema kwao mtoto huachishwa mvua zikinyesha, majani yapo, ng'ombe wana maziwa, hata akililia ziwa kuna la kumtuliza. Sasa ni kiangazi. Ng'ombe anayetoa maziwa hapo nyumbani ni mmoja tu, na huyo naye anakaribia kukauka.

Nikamjibu, hayo ya zamani, Mama.

Akageuka akatazama zizini.

Yoramu alipolala nikamlaza kwenye ngozi, nikapita nyuma ya nyumba ya tembe ili asinione. Sikumuaga. Kumuaga mtoto ni kumliza bure.

Jumanne, 24 Juni

Garini. Mvuke, vumbi, kelele — na raha! Nimekaa dirishani. Mfanyabiashara mmoja wa Kondoa, mzee wa kanzu, ameniuliza nina watoto wangapi. Wawili, nikamwambia, na hujapata kuona watoto kama wale. Nikamweleza Hana na herufi zake, Yoramu na meno yake. Akasema mashallah, akauliza wako wapi. Nikamwambia tunakwenda kupumzika. Akamtazama Kefa, akatazama dirishani.

Tulipofika Kilosa kifua kilikuwa kizito kama mawe. Nikaenda kukamua nyuma ya tangi la maji. Maziwa yakaingia mchangani. Nikasema moyoni, yatakoma yenyewe.

Alhamisi, 26 Juni

Tumefikia mtaa wa Gerezani, Darisalama, kwa Halfani. Huyu Halfani ni Mrangi wa Kondoa, anachochea moto kwenye injini. Kefa akimtilia maji na yeye humrushia maneno ya mzaha, ndio urafiki wao. Mkewe Mwanahawa ni wa hapa hapa. Mcheshi, mkarimu, anapika kwa nazi kila kitu. Leo Halfani amepanda na gari kwenda bara. Nimempa salamu za Mkonze, na halua ya Hana.

Nimeiona bahari. Nimeionja! Kefa kanishika mkono nisianguke. Chumvi tupu. Chumvi yote hii, na sisi kule kwetu Bahi tunakwangua udongo kuipata! Nimecheka mpaka nikakaa mchangani. Kefa naye akacheka. Sijamsikia akicheka vile tangu tuoane. Huko nyumbani huja amechoka, anakula, analala, filimbi inalia, anakwenda.

Kifua kinaniuma. Nakamua asubuhi na jioni, nyuma ya choo cha Mwanahawa.

Jumamosi, 28 Juni

Aibu, aibu!

Jioni tulikwenda kusikiliza bendi ya askari. Nilivaa kanga mpya, nyekundu, Kefa kaninunulia. Nimependeza, nasema kweli. Watu wamesongamana. Nyuma yangu mtoto akalia. Mtoto wa mtu, si wangu! Na kifua changu kikaitika. Kanga ikalowa yote mbele. Wasichana wawili wa mjini wakaziba midomo. Mmoja akasema kwa sauti, "Wa bara huyo, kaja na kibuyu chake!" Nikajifunika mikono, nikamwambia Kefa twende, kichwa kinaniuma.

Nikamwambia Mwanahawa, nipe dawa yakauke. Akaniuliza, "Mtoto umeshamwachisha kabisa, shoga?" Kabisa, nikasema, tangu mvua zilizopita. Nilikwisha kumsimulia siku ya kwanza jinsi wanangu walivyo wepesi, jinsi Yoramu alivyoacha ziwa bila hata kulia. Ningerudije nyuma?

Akaponda maua ya asumini, akaniwekea kifuani, akanifunga kwa kitambaa, akakaza sana. Akasema usiyakamue tena hata yakikuuma. Yakikosa wa kuyaita yataondoka.

Kefa amenusa harufu ya maua. Anadhani nimejipamba kwa ajili yake. Sikumwambia.

Jumatatu, 30 Juni

Yamepungua. Yamelainika! Naweza kulala kifudifudi.

Jana na leo ni siku nzuri kuliko zote. Tunaamka jua limepanda. Kefa kaniita Loisi. Si Mama Hana — Loisi! Sijaitwa hivyo na yeye tangu Hana azaliwe. Tulikaa kibarazani tukamenya machungwa, akaniambia mambo ya utoto wake, ya njaa ile kubwa, mambo ambayo hajawahi kunieleza. Nikawaza, kumbe nimeolewa na mtu huyu.

Nilipitisha mchana mzima bila kuwakumbuka watoto. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 1 Julai

Halfani amerudi.

Niliona tangu anaingia, hakuniangalia. Alivua viatu polepole. Mwanahawa akampa maji, akanywa, akaomba mengine. Kefa akasema, "Haya, tupe za nyumbani, halua ililiwa?" Hana amekula, akasema. Hana mzima.

Na Yoramu?

Mama mwenyewe alikuja stesheni Dodoma kumtafuta Halfani, kwa miguu kutoka Mkonze, mtu mzima yule. Alitutumia neno: rudini. Yoramu ameshikwa na tumbo, anahara. Uji anatema. Maziwa ya ng'ombe anatema. Mwanzoni alikuwa akizunguka tembe akinitafuta, analia. Sasa halii.

Nilimuuliza Halfani, halii kwa sababu amezoea? Akasema, "Shemeji, mimi nimesema kama nilivyotumwa."

Gari la bara ni keshokutwa.

Kefa akaniwekea mkono begani. Akasema, "Usiogope. Tukifika tu utamnyonyesha, atapata nguvu. Wewe una maziwa ya kulisha Dodoma nzima." Alitaka nitabasamu.

Jumatano, 2 Julai

Asubuhi nilifungua kitambaa, nikakamua. Hakuna. Nimekamua mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Hakuna.

Mwanahawa alinikuta nyuma ya choo. Akasimama. Akaangalia mikono yangu, akaelewa. Hakupaza sauti. Heri angepaza. "Loisi, mtoto alikuwa bado ananyonya?" Nikaitika kwa kichwa. "Na mimi nikakufunga!" Akapiga magoti pale pale kwenye mchanga mchafu. "Ungeniambia kweli ningekupa supu ya pweza, ningekupa uji wa pilipili manga, ungerudi na mito miwili ya maziwa! Kwa nini, mwanamke mwenzangu?"

Nimjibu nini? Kwamba nilitaka anione mwanamke ambaye watoto wake hawana shida?

Akaondoka. Nikadhani amenichukia. Akarudi na pweza. Nimekunywa supu bakuli baada ya bakuli, na uji unachoma koo. Anasema maziwa yakiitwa huweza kurudi. Huweza. Nimemwomba asimwambie Kefa. Akasema si yeye wa kumwambia.

Ijumaa, 4 Julai

Garini tena. Gari gani hili! Linasimama kila penye kichaka.

Kila tukisimama Kefa anashuka kuuliza watu wa reli kama wana neno la Dodoma. Hawana. Ananiletea chai, ananiletea ndizi. Kula, Mama Hana, upate maziwa. Nimerudi kuwa Mama Hana.

Jirani yetu wa kiti, fundi wa Kizota, kamuuliza tulikwenda pwani kufanya nini. Kefa akasema, "Kazi."

Mimi niliyetangaza kisimani! Nikavuta kanga usoni.

Ule usiku wa bendi ningeweza kufua kanga. Kanga hufuliwa. Ningesimama na kanga mbichi mbele ya Darisalama nzima, wakacheka, wakachoka. Nani ananijua kule? Wale wasichana hata leo hawanikumbuki.

Na pale Mkonze. Alikuwa kifuani, ananyonya, jicho moja ananiangalia. Wa mgongoni halipishwi. Sikuwa hata na haja ya kuomba cheti.

Najikamua chini ya kanga watu wakisinzia. Leo limetoka tone upande wa kulia. Si jeupe, ni kama maji. Nililifuta kwa kidole nikalilamba nijue. Tamu kidogo. Nikalia, Kefa akaamka, nikasema moshi umeniingia machoni.

Jumamosi, 5 Julai — Mkonze

Tumefika jua la saa nne. Hana alitukimbilia, amepauka kwa vumbi. Hakuuliza halua nyingine. Akasema tu, "Mama, mdogo wangu amekuwa mzito kuinua kichwa." Mtoto wa miaka sita, hiyo ndiyo salamu yake kwangu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni amempakata. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akanipa mtoto.

Mwepesi. Mapaja yale yako wapi? Macho yameingia ndani. Nilimwita. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka njia. Kisha akatia mkono kwenye kanga mwenyewe, akatafuta, akapata. Akashika.

Kefa akasema "Asante Mungu!" akatoka nje, nikamsikia anapenga kamasi nyuma ya zizi.

Yoramu akavuta. Akavuta. Akaachia, akanitazama. Hakulia. Nilimhamishia upande wa pili. Akavuta, akaachia, akanitazama.

Mama aliona. Alikwisha kuona tangu mara ya kwanza, nadhani. Akaja akachuchumaa karibu, akakibonyeza kifua changu kwa vidole kama anavyofanya kwa ng'ombe aliyezaa. Akaniuliza, taratibu kabisa, huko pwani ulikuwa unayakamua?

Kefa akajibu kutoka mlangoni, "Ndiyo, Mama, yalikuwa yanamsumbua sana, kila siku anakamua."

Mama akasema, "Sikukuuliza wewe, Kefa." Akaendelea kunitazama. Akanieleza kwamba kama nilikamua kisha yakapungua kwa safari, anajua la kufanya, yatarudi. Kama yalikaushwa, ni dawa nyingine, tena ngumu, na kwanza itabidi Kefa aende sasa hivi hadi Kizota, kwa Zaitun, aliyejifungua juzi, akamwombe amnyonyeshe mtoto. Akikosea kati ya hayo mawili, siku inapotea. Na mtoto hana siku ya kupoteza.

Nikafungua mdomo. Kefa pale mlangoni, uso umechangamka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Anajivunia mimi. Nikamfuta Yoramu midomo.

Mama akasimama. Akasema anakwenda kumkamua yule ng'ombe alichobakiza. Akirudi nimwambie.

Nimemwambia Hana anipe kalamu. Naandika kwa mkono mmoja, mkono mwingine umemshika kichwa. Hana anashikilia karatasi isipeperuke. Anafuata herufi kwa kidole, anasoma taratibu, Y, O. Sijui anaweza kusoma mpaka wapi.

Yoramu ameshika tena. Anavuta kidogo kidogo, anapumzika, anavuta. Naona koo lake. Nalingoja lipande na kushuka.

Kefa amekaa kizingitini, anafunga kamba za viatu, anafungua, hajui kwamba ana safari. Nyayo za Mama nazisikia zinatoka zizini. Ameachia. Ananitazama.

"Kefa," nimesema.

Anageuka, anatabasamu —