Mke Yule wa Kigiriki Si Mimi

Mchumba wangu wa mbali,

Kitabu kimefika. Mjomba wako amekileta mwenyewe hadi dukani kwangu Gisozi, mikono yangu ikiwa imejaa rangi ya mafuta, akasema kwa furaha, "Mkwe, mutu yako hajakusahau!" Nikamshukuru, nikafungua karatasi. Wagiriki tena!

Hiki ni cha tatu sasa. Kwanza alikuja mchawi wa kisiwani, akafuata yule mwenye nyoka kichwani. Naona siku hizi kila mwanamke wa hadithi zile za kale amepata mwandishi wa kumsemea, heri yao. Safari hii ni mke wa mfalme aliyekwenda vitani. Miaka ishirini mke anamngoja, anafuma nguo mchana na kuifumua usiku ili asiolewe na mwingine. Kwenye ukurasa wa kwanza umeandika kwa mkono wako: "Huyu ni wewe. Subira yavuta heri."

Na ngoja ngoja huumiza matumbo, hiyo hukuwahi kuisikia?

Unakumbuka mvua iliyotukuta njia panda ya Sonatubes? Tulibanana chini ya kibaraza cha duka la simu, ukanisimulia vita vyote vile vilivyopiganwa kwa ajili ya mwanamke mmoja, hadi dereva wa pikipiki aliyejikinga pembeni yetu akadakia, "Sasa huyo bibi, yeye walimuuliza?" Ukacheka, ukasema ndiyo maana riwaya hizi mpya zinaandikwa, ili wanawake nao waulizwe. Nililoa hadi magotini wala sikujali. Nilikupenda kwa jibu lile.

Basi mimi mbona hukuniuliza? Wazee wako walikuja kwetu Kabuga kuchukua irembo, kulishikia lango la kwetu kwa jina lako, wakanywa na baba, wakaondoka wakiwa wameniwekea alama, na tangu hapo hakuna mwanaume wa heshima anayeweza kubisha hodi. Mahari ingefuata ukimaliza masomo. Masomo yakaisha, ikaja kazi. Ikazoeleka kazi, yakaja makaratasi ya ukaazi. Mke wa kitabuni angalau ana wachumba tele uani wanaokula mbuzi wake. Kwangu hata wa kuomba maji hayupo, maana irembo lina mwenyewe, na mwenyewe yuko Ulaya anachagua riwaya.

Usidhani sikukisoma. Nimekimaliza, na sura ya mwisho imeniliza. Lakini kinaniudhi! Mwandishi kampa yule mwanamke mdomo, kampa hasira, kampa akili kumzidi mumewe, kisha kamwacha palepale alipomkuta. Kurasa zote zile za kunung'unika, na miguu haijasogea. Nawe ukaona hiyo ni sifa ya kumtumia mtu.

Jumapili nilimsimulia shangazi hadithi yote huku tunachambua maharage. Unamjua dada yake baba, hamung'unyi maneno. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Miaka yote ile, huyo mwanamke hakuwa na shangazi?"

Nikamwambia kitabuni hayumo.

"Ni juu ya hiyo alingoja. Wewe, shangazi uko naye."

Akainuka, akaenda kuongea na baba. Nilibaki na ungo mapajani, nikawasikia wakibishana. Baba alipotoka aliniuliza mara moja tu kama ndiyo ninavyotaka. Nikasema ndiyo, na machozi yakanitoka.

Jumamosi watakwenda kwa wazazi wako kuwaambia kwamba irembo liko wazi. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujapigiwa simu na mama yako.

Na usiwasumbue rafiki zako kuwauliza ni nani aliyenichukua. Hakuna mtu. Hakuna hata anayenitupia jicho. Bado nakupenda, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nilikuwa nadhani ili mtu aache kungoja lazima awepo mwingine wa kumkimbilia. Kumbe unaweza kuchoka tu, ukaondoka peke yako.

Uishi vizuri huko uliko,

Aliyekuwa mchumba wako