Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nimedanganya na niliyemdanganya anakuja na treni. Nina miaka thelathini na mbili, nina steshenari Kibaoni, hapa Ifakara, nachapa barua na mitihani ya walimu kwa kompyuta ya mezani aliyonifungia Kelestini, mwanaume niliyempenda, ambaye miaka miwili iliyopita alipata kazi Mlimba akaniomba twende wote, nikakataa kwa sababu mama alikuwa hoi kitandani, tukaachana bila hata kugombana, na heri tungegombana.

Mwaka huu kompyuta ikaanza kuchoka, asubuhi inakwenda vizuri, ikifika saa sita inakuwa nzito, nabonyeza herufi inatokea baadaye, feni inalia, wateja kwenye benchi wananitazama, nikampigia Kelestini, nikijiambia ni mambo ya kazi tu, akasema kwa sauti yake ileile, "Tulia, Frida. Funga vyote, nisomee unachokiona," nikamsomea, tukazima, tukawasha, na tangu hapo kila mchana mashine ikizidiwa nampigia, na mazungumzo hayo ndiyo yanayonishibisha siku nzima.

Siku moja akaniuliza, "Hujaifunika na kitu?" Nikasema sijaifunika. Mshauri, imefunikwa na kitambaa nilichokidarizi nikitegemea kukitandika nyumbani kwetu, mimi na yeye, nilikiweka kuzuia pumba zinazopeperuka kutoka mashine ya mpunga ya jirani, na kweli nilikuwa sijui kama kina madhara, lakini jioni ile nikakifua, kesho yake kompyuta ikafanya kazi mpaka saa kumi na moja bila kukwama, na mimi simu mkononi sina sababu ya kumpigia, basi kilipokauka nikakirudisha.

Sasa walimu wameanza kupeleka mitihani kwingine, na Kelestini amesema Jumamosi anakuja kuifungua mwenyewe. Nikikitoa kitambaa, atakuja bure. Nikikiacha, ataona uongo wangu. Mama siku hizi anakwenda kanisani kwa miguu yake, na dada yake Kelestini kaniambia kaka yake hajaoa. Namtamani mpaka naumwa. Nifanyeje?

Frida, Kibaoni

Marahaba, Frida.

Nimecheka, lakini nakuelewa. Pole, mwanangu. Ila nawe umezidi! Unaichemsha mashine kwa joto la Ifakara, unaitandikia kitambaa juu, kisha unampigia mtu kumuuliza inaumwa nini? Walimu wamekukosea nini? Mficha uchi hazai.

Umejiuliza ni mwanaume gani anapanda treni kutoka Mlimba kwa ajili ya feni? Mafundi Ifakara wamejaa, angekuambia umwite mmoja. Lakini siwezi kukuahidi kitu. Huenda ni mtu mwema tu.

Leo hii kitoe hicho kitambaa. Mwite fundi aifungue, apulize hizo pumba, uisogeze mbali na ukuta, uwaambie walimu warudi. Kitambaa kifue, kipige pasi, ukiweke kabatini, kazi yake haijafika.

Kesho asubuhi, kabla jua halijakaza, mashine ikiwa inakwenda vizuri, mpigie. Mwambie ulikuwa umeifunika, na umwambie kwa nini. Akikasirika, omba radhi. Akisema basi hana haja ya kuja, utalia, lakini utalia ukiwa na kazi yako. Na akiuliza, "Kwa hiyo Jumamosi nisije?" usiitaje kompyuta. Mwambie njoo.